Taya Langu Lilipotoka Hewani

Leo nimeaibika mbele ya Juba nzima, na Juba yenyewe haikuniona hata pua.

Naandika kwa sababu siwezi kuongea. Nimefungwa leso ya Mama kuanzia kidevuni hadi utosini, fundo limesimama juu kama masikio ya sungura, na nimeamriwa nisipanue mdomo hadi kesho. Vidole havijakatazwa. Kwa hiyo tulieni niwasimulie mwenyewe, kabla hamjaletewa na wengine yakiwa yameongezwa chumvi. (Wewe wa Eldoret uliyenitumia picha ya kiboko ameachama, nimekuona. Tutaonana.)

Kwa wasionijua: mimi ni Wani, daktari wa meno. Nina chumba changu kidogo cha kazi mtaa wa Munuki, hapa Juba, nyuma ya steji ya boda boda. Kazi ninaipenda na wagonjwa wapo. Tatizo ni Mama.

Mama anaishi Rejaf, nje kidogo ya mji, analima bamia na mihogo kando ya mto, na tangu nirudi kutoka masomoni Kenya hajawahi kukubali kwamba nilimaliza. "Mungu natengeneza mtu mzima," huniambia. "Na mkono, na tumbo, na moyo. Wewe nachagua mdomo peke yake?" Hicho ni Kiswahili chake cha Uganda, alichookota kambini na hataki kukibadilisha. Akinitambulisha kwa majirani husema, "Huyu mtoto yangu nasoma sana, lakini kwa mdomo tu." Majirani hunipa pole.

Basi Atieno, Mkenya anayetangaza kipindi cha Kiswahili cha Jumamosi asubuhi katika redio moja ndogo mjini, aliponiomba nije nizungumzie maumivu ya taya, nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Kile kipindi husikilizwa na sisi tuliokulia ukimbizini, na wafanyabiashara wa Uganda, na Wakenya waliokumbuka kwao. Na Mama hakikosi.

Mama na redio ni habari ndefu. Kule kambini, kaskazini mwa Uganda, tulikuwa na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa ndani ya baiskeli ili isimwagike vipande. Jumamosi kulikuwa na kipindi cha salamu, watu wakiwatafuta ndugu waliopotezana nao njiani. Mama aliiweka redio juu ya kigoda, yeye akakaa chini mkekani akiitazama usoni. Sisi watoto tulikatazwa hata kukohoa. Alikuwa akingoja jina moja. Baba alibaki Rejaf siku tuliyokimbia, akasema anafunga nyumba, atatukuta mbele.

Miaka tisa ya Jumamosi. Jina halikusomwa. Kipindi kikiisha Mama alizima redio, betri zisiishe bure, akasema, "Khalas, basi, Jumamosi ingine," akaenda kusonga posho, ugali wetu wa kambini.

Na usiku nililala ubavuni mwake, nikawa namsikia anasaga meno. Krr, krr, krr. Nilidhani kuna kitu kitamu anakula usingizini bila kutugawia. (Nilikuwa na njaa, msinihukumu.) Nilinusa mpaka mkono wake asubuhi nione kama kuna harufu ya karanga. Miaka mingi baadaye, darasani, mwalimu wetu alieleza kuhusu watu wanaolala huku taya halilali, kwa sababu mawazo yaliyofungiwa mchana hutokea huko usiku. Niliacha kuandika. Siku hiyo ndiyo niliyochagua mdomo.

Sijawahi kumwambia Mama. Leo nilipanga kumwambia hewani, kupitia redio, kwa sababu uso kwa uso nisingeweza. Maneno yalikuwa chini kabisa ya karatasi yangu, nimeyapigia mstari mara mbili. Jumamosi iliyopita nilimpelekea betri mpya. Naye akawaalika wamama wa kanisa lake waje wasikilize, wakae uani, wanywe chai.

Sasa hapo ndipo balaa lilipoanzia. Jana jioni woga ulinipanda. Nikanunua muwa pale Munuki. Nikaumenya kwa meno kama nilivyokuwa nikifanya utotoni, pingili kwa pingili, hadi mwisho, huku mkono mwingine ukiandika kwenye karatasi: "Epuka vyakula vigumu, mfano muwa." Nasema kweli. Hayo maandishi ninayo, yana hata sukari.

Asubuhi taya likawa linalia kak kila nikifungua mdomo. Mgonjwa angenieleza hivyo ningemwambia apumzike wiki nzima, anywe uji, afunge bakuli lake. Mimi nilimeza dawa ya maumivu, nikavaa koti jeupe nililolipiga pasi mara mbili (kwenda redioni), nikapanda boda.

Mwanzo ulikwenda vizuri, nikiri mwenyewe. Sauti ilitoka nzito. Dereva mmoja wa boda akapiga simu, akasema sikio linamuuma miezi miwili, ameweka dawa za kila aina na hakuna nafuu.

"Unatafuna bablishi?" nikamuuliza.

"Daktari, hiyo ndiyo inanizuia usingizi barabarani."

"Basi sikio halina kosa. Kiungo cha taya kiko hapo mbele ya sikio. Weka kidole, fungua na kufunga mdomo, utakisikia kinacheza. Wewe unakifanyisha kazi kutwa bila likizo."

Nikaendelea. Nikawaambia kwamba wengine huumia kwa kutafuna vitu vigumu kama muwa, wengine kwa kushika tama kila wakati, wengine waligongwa wakapuuza, wengine viungo vyao vyote vina baridi yabisi na taya nalo halikusazwa. Na wengi sana hapa kwetu husaga meno wakilala. Tiba nayo mara nyingi haitishi: chakula laini, kitambaa cha maji ya moto kiasi cha kuvumilika, dawa za maumivu za siku chache, mazoezi ya polepole, na kibao cha plastiki cha kuvaa kwenye meno usiku kinachochongwa kwa kipimo cha mtu mwenyewe. Kupasuliwa ni jambo la mwisho, na wachache hufika huko. Niliposema hapo kuhusu kusaga meno nikaona karatasi yangu imebaki mstari mmoja tu, ule wa chini. Nikavuta pumzi.

"Kabla hujamaliza," Atieno akanikata, "mtu atajua aje kama mdomo wake unafunguka vizuri?"

"Vidole vitatu," nikasema. "Visimamishe, viingie katikati ya meno ya juu na ya chini."

Nikavisimamisha, nikaviingiza. Redioni. Ndugu zangu, redioni.

"Wasikilizaji, vimeingia vyote vitatu," Atieno akatangaza. "Haki, Daktari, hiyo ni mdomo. Na vinne?"

Hapo mtu mwenye akili angecheka, akaendelea na mambo yake. Mimi niliwafikiria wale wamama uani Rejaf, na Mama akiwa mbele yao, nikaona lazima. Nikaongeza kidole cha nne.

Kak.

Nikatoa vidole. Mdomo ukabaki wazi. Nikajaribu kufunga, ukakataa. Nikasema, "Aaaha," nikimaanisha Atieno, nisaidie.

"Naam, bado ameachama," Atieno akaendelea kama anatangaza mpira. "Hataki kufunga. Mnaona vile mtu aliyesoma anajiamini? Endelea, Daktari."

"Ahaaa. Aaah haa."

"Hayo ni mazoezi, wasikilizaji. Mnaweza kufuata nyumbani."

Mate yakaanza kudondoka. Yalidondokea karatasi, na kati ya mistari yote yakachagua ule wa chini. Niliona wino ukitanuka na maneno yangu ya miaka yote yakigeuka ziwa dogo la bluu.

Aliyegundua ni Lado, fundi mitambo, aliyekuwa upande wa pili wa kioo. Alisimama, akanitazama, akatazama Atieno. "Ya jama, de shunu?" akauliza, yaani jamani, hiki ni nini. Kisha akafanya alichoona ni busara. Akakata maikrofoni, akaweka muziki. Wimbo uliokuwa karibu na mkono wake ulikuwa ule wa kinanda, wa polepole, usio na maneno, ambao redio ile huupiga siku za maombolezo.

Ninyi mlio mbali labda hamtaelewa. Kwetu, redio ikikatika katikati ya neno halafu ukasikia kinanda, hukai ukitikisa kichwa kufuata mdundo. Tumeishi miaka mingi, tumejifunza. Taa za simu za studio ziliwaka zote kwa pamoja. Muuza vyombo mmoja Mganda wa Munuki akauliza, "Mimi nafunga duka ama nangoja?" Mama mwingine alitaka kujua kama akawachukue watoto kwenye mafundisho ya kipaimara. Mtu wa bandarini akasema wapakuaji wameshuka kwenye jahazi la mizigo, wanasubiri neno. Lado aligeuka rangi ya majivu.

"Rudisha sauti," Atieno akamwambia. "Rudisha saa hii."

Akavaa visikizio, akasema kwa sauti tulivu ya mtu wa benki: "Wasikilizaji wetu wapendwa, mji uko salama kabisa. Hakuna lolote lililotokea. Ni taya la Daktari Wani tu, limefunguka likakataa kufunga. Narudia, ni taya tu. Fungueni maduka."

Hivyo ndivyo mji mzima ulivyoarifiwa. Kwa utaratibu, na mara mbili. Nikataka kujificha chini ya meza lakini waya wa visikizio ulinizuia. Na ili watu waamini kwamba kweli mambo ni shwari, Atieno akapokea simu hewani, yoyote iliyokuwa karibu.

"Hujambo, uko hewani. Ni nani na unapiga kutoka wapi?"

"Mimi iko Rejaf. Mimi mama ya huyo daktari."

Nilifunga macho. Hayo angalau yalifungika.

"Mama, pole, usijali, tunamtafutia gari..."

"Gari ya nini? Wewe kama naweka ile kinanda tena, mimi natoka hapa na mguu. Kinanda hapana. Sasa sikia. Ile sauti nalia aaa-haa, mimi najua. Taya imetoka. Huyo hata kwa kambi taya yake ilitoka, iko na miaka tisa. Nashindana na watoto kuvunja muwa na meno. Nesi ya kambi nafundisha mimi kurudisha. Mara tatu narudisha, na mkono hii yangu."

"Muwa, Mama?" Atieno akanigeukia. Nikatikisa kichwa kukataa, kwa nguvu zote za mtu asiyeweza kusema uongo kwa mdomo.

"Huyu asubuhi yote naambia watu wasikule muwa," Mama akasema. "Mimi nazaa yeye, mimi najua. Angalia kwa meno ya nyuma."

Atieno akawasha taa ya simu yake, akainama, akachungulia. Akarudi kwenye maikrofoni.

"Mama, kuna nyuzi."

Nikawasikia wamama wa kanisa huko nyuma yake wakivunjika mbavu. Walikuwa wengi kuliko nilivyodhani.

"Malesh," Mama akasema, kwa sauti ya kusamehe. "Sasa fanya hivi. Kalisha yeye chini, kichwa naegemea ukuta. Wewe funga gumba yako na kitambaa, kwa sababu taya ikirudi nauma kama mamba. Weka gumba juu ya meno ya nyuma, hapa na hapa. Finya chini. Chini, usivute. Halafu sukuma nyuma polepole."

Yote sahihi. Ndivyo tulivyofundishwa darasani, kwa miezi kadhaa na vitabu vizito. (Na nyumbani msijaribu bila mtu anayejua. Hiyo ndiyo sentensi pekee ya kidaktari niliyobakiwa nayo leo.) Nikakaa sakafuni na koti langu lililopigwa pasi mara mbili. Atieno akafunga vidole gumba kwa mtandio wake. Lado akashika kipaza sauti karibu yetu, sijui aliambiwa na nani. Atieno akafinya. Nikakaza shingo. Taya halikwenda popote.

"Nakaza mwili, si ndiyo?" Mama akauliza.

"Amekaza sana."

"Wani." Sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya kambini. "Wani, legeza. Fikiria mto. Mto ya Rejaf, maji napita polepole, haina haraka, mashua ya samaki naenda, naenda..."

Marafiki, nina mvi mbili. Nilikuwa sijasikia maneno hayo tangu nikiwa mtoto wa kaptula moja. Kila taya lilipotoka aliniambia nifikirie mto wa kwetu, na mimi sikuwa naukumbuka, kwa sababu tulikimbia nikiwa nimebebwa mgongoni. Nikajitengenezea mto wangu kichwani kutokana na maneno yake. Niliporudi ukubwani nikauona wenyewe, nilikaa ufukweni nikalia, maana haukuwa umepishana sana na ule wangu. Pale sakafuni studio nikaukumbuka, mto wa maneno, na nikamtamani Mama wa wakati ule, na mkeka, na hata ile redio ya mpira. Machozi yakanitoka. Mwili ukalegea.

Kluk.

"Limerudi," Atieno akanong'ona. Kisha akapiga kelele: "Wasikilizaji, limerudi! Na ameniuma!"

Kutoka Rejaf vikaja vigelegele vya kanisa zima. "Khalas," Mama akasema. "Sasa asiongee. Mlete kwangu nakunywa uji." Akakata simu. Muda wa kipindi ulikuwa umekwisha, na mstari wangu wa chini haukusomwa.

Njiani kwenda Rejaf, nimefungwa mtandio wa Atieno kichwani, kila steji ya boda ilinyanyua mikono. "Daktari Vidole Vinne!" Hilo jina nitazikwa nalo. Nilipofika uani nikasikia wamama wanaagana, na mmoja mmoja anampa Mama mkono akisema, "Asante sana, Daktari." Naye anaitikia. Anaitikia bila aibu, kama mtu aliyekaa chuoni miaka sita. Mmoja alikuwa ameketi kigodani anaangaliwa goti.

Walipoondoka, Mama alitoa mtandio, akanifunga leso yake vizuri zaidi, akanipa uji na kijiko kidogo. Redio ilikuwa kigodani katikati yetu. Tukakaa.

"Mbele ya kinanda," akasema, "wewe navuta pumzi kutaka kusema kitu. Kitu gani?"

Nikatoa karatasi. Ziwa la bluu. Akaigeuza, akaigeuza tena, akanirudishia. Basi nikafanya kwa mikono. Nikalalia viganja kama mtoto aliyelala. Nikamwonyesha yeye. Nikatoa sauti kooni: krr, krr, krr. Nikagusa sikio langu. Halafu nikashika koti langu jeupe lenye vumbi la sakafu, nikamwonyesha yeye tena.

Bata wa jirani wakapita hadi mwisho wa ua wakarudi.

"Wewe nasikia ile?" akauliza. "Mimi nafikiri nyinyi nalala."

Nikatikisa kichwa: mimi sikuwa nimelala.

"Kwa sababu ya ile ndiyo nachagua mdomo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akainua kidole chake polepole, akakiweka mbele ya sikio, mahali penyewe hasa, pale nilipomwelekeza yule dereva wa boda asubuhi. "Hapa nauma kila asubuhi," akasema. "Siku mingi. Mimi naona aibu kusumbua wewe, wewe na watu ya kulipa."

Nimeumbuka mara nyingi leo, lakini hapo ndipo nilipoona haya ya kweli. Nimechungulia midomo ya Munuki nzima. Wa Mama, sijawahi.

Niliinuka nikachemsha maji. Nikakamua kitambaa, nikakijaribu mkononi mwangu, nikamwekea shavuni, upande mmoja kisha wa pili. Nikatafuta leso nyingine kwenye kamba ya nguo, nikamfunga kuanzia kidevuni hadi utosini kitambaa kisidondoke, fundo juu. Nikachora ardhini kile kibao cha plastiki cha usiku, nikaandika Jumatatu. Akatazama mchoro.

"Hiyo wewe nachonga na mkono yako?"

Nikaitikia.

Akafikiri. "Basi," akasema, "mdomo pia ni kazi."

Sasa tumekaa hapa wawili, kila mtu na masikio yake ya sungura, redio katikati. Wamama wamekumbuka vikombe vyao, nawasikia wanarudi. Tafadhali nanyi msicheke. Sisi huku tumekatazwa kucheka kwa sababu za kitabibu, na tayari tumeshindwa.